Kesi ya Machungwa

Mwalimu Luvanda aliingia na chungwa moja
na koti la sufu lililotoboka kiwiko.
Julai, Iringa: tumejikunyata kama kuku,
madirisha mawili hayana vioo,
upepo wa Gangilonga unapita kati ya madawati
kama mkaguzi wa elimu.

Ubaoni aliandika miaka, si majina.
Majina, alisema, huleta usingizi;
miaka huleta ugomvi.
Akatukaririsha:

     Tisini na sita kesi, tisini na nane vita,
     mwaka haulali basi, mwaka mwenzake huita.

Tisini na sita. Fundi viatu wa New Orleans
aliketi kwenye behewa lisilo la rangi yake.
Majaji saba wakasema: mtengane, ila muwe sawa.
Mmoja akasema hapana,
na hapana yake ikafungiwa jaladani.
"Wino haufi njaa," alisema mwalimu,
akapenga kamasi, akaendelea.

Tisini na nane. Marekani ikavuka maji:
Kuba, Puerto Riko, Ufilipino.
Askari weusi, walionyimwa behewa kwao,
walipewa bunduki na nafasi melini
wakapande vilima vya watu, wafie huko.
Santiago ilisalimu amri Julai, tarehe kumi na saba.
Akanyamaza. Akatazama dirisha lisilo na kioo,
upande wa Kalenga.
"Tarehe kumi na tisa, wiki hiyohiyo,
bunduki ililia porini kwetu.
Kichwa kikasafirishwa bila mwili.
Hakuna mahakama iliyokaa."

Ndipo akamenya chungwa.
Mwaka elfu moja mia tisa na moja, alisema,
mfanyabiashara aliyeshusha machungwa New York
kutoka Puerto Riko
alitozwa ushuru kana kwamba yametoka ugenini.
Akauliza: bendera kule si yenu?
Je, katiba hupanda meli moja na bendera,
au huachwa bandarini ikipunga leso?

Chungwa lilikuwa na vipande kumi.
Kimoja akala mwenyewe, "ada ya wakili."
Vitano akavipanga kulia:
kisiwa ni mali yetu, si sehemu yetu.
Vinne kushoto.
Darasa zima tulimeza mate kwa ajili ya haki.
Kiranja Chengula alipewa vitano,
akavimaliza kengele haijalia.
Mimi, wa mwisho mstari wa nyuma, nikapewa vinne.
"Hawa wameshindwa," aliniambia,
"wewe watunze."

Nilivila. Njaa haisomi hukumu.
Nikabaki na mbegu sita mfukoni.

Hamsini na nne hatukuikariri, ilikataa kuingia kwenye vina.
Mei, Washington, majaji tisa kwa sauti moja
walilipangusa vumbi jalada la fundi viatu:
shule zilizotengwa haziwezi kuwa sawa.
Juni, fuvu likarudi Kalenga.
Na bado, baada ya hayo yote, mjini hapahapa
ikajengwa shule mlimani, ya watoto wa Wazungu tu.
Leo ina jina la mwenye fuvu.
Mwalimu alisomea ualimu humohumo;
alisema mabweni yake yana baridi isiyobagua.

Sasa mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo.
Nagonga mihuri: mipaka ya mashamba,
mbuzi aliyekula mche wa parachichi, talaka.
Aliyeshindwa hushika nakala kwa mikono miwili
kama sahani ya moto,
huniuliza, hii niipeleke wapi?
Namwonyesha tangazo la rufaa, siku thelathini.
Wengi hukunja karatasi, wakaenda zao stendi.

Mbegu moja kati ya sita iliota
nyuma ya nyumba ya mama, Kihesa.
Miaka kumi na tisa, haijazaa hata chungwa la kuchezea.
Kila Krismasi mama huutolea mti ule panga,
kila Krismasi naomba ahirisho.
Ukifikicha jani lake
vidole hunukia mpaka kesho yake.